Maswali ya Wasomaji: Laptopu ya zamani niiwekee Linux gani?

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Masasi, nina Dell Latitude E6320 niliyonunua mtumba, Core i5, RAM GB 2, diski GB 320. Ina Windows 10 na kila mara inaniletea ujumbe kwamba muda wake umeisha, halafu imekuwa nzito mno, unaiwasha unaenda kuchota maji unarudi bado kile kiduara kinazunguka. Fundi anasema niachane nayo ninunue nyingine ila mishahara yetu mnaijua. Mwenzangu kaniambia niweke Linux nyepesi (mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows), nimeingia mtandaoni nimekuta majina kibao, Mint, Lubuntu, MX, antiX, Puppy, sasa nimechanganyikiwa. Kazi zangu ni kutunga mitihani, matokeo ya wanafunzi kwenye Excel, na video za masomo YouTube. Naombeni msaada.
Mwalimu, Masasi

JIBU: Mwalimu salama kabisa, pole na majukumu. Kwanza kabisa usiitupe hiyo mashine, nakuomba. E6320 ni toleo la 2011, prosesa yake ni Core i5 ya kizazi cha pili na kwa kazi ulizotaja bado inatosha. Kilichoisha ni Windows 10, Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel wanataka kuanzia kizazi cha nane, kwa hiyo yako imeachwa nje ya mlango hata kama ni nzima. Ule uzito wenyewe unatokana na RAM ya GB 2 na hiyo diski ya kuzunguka, basi.

Ndo maana nasema usianze na jina la Linux, anza na RAM. Watu wengi wanapotea hapa. Mtu anasoma kwamba antiX ikiwaka tu inatumia chini ya MB 300 wakati Mint Xfce (Mint yenye sura nyepesi) inakula mara mbili tatu ya hapo, anafurahi, anaiweka, kisha anafungua Firefox na tabo sita, Gmail ipo, YouTube ipo, WhatsApp ya kwenye kompyuta ipo, mashine inaganda vilevile anaanza kusema Linux ni uongo. Gmail inakula RAM ile ile popote utakapoifungulia. Mfumo mwepesi unakuokolea MB mia tano hivi, ambayo kwenye GB 2 ni kitu kikubwa, kwenye GB 8 huwezi hata kuiona.

Kwa hiyo kama una hela kidogo, tafuta RAM kabla ya kitu kingine. Hiyo Dell ina sloti mbili na inafika GB 8, aina ni DDR3 za laptopu, muuzaji akikuuliza mwambie PC3-10600 (imeandikwa kwenye stika ya RAM uliyonayo, ichomoe uende nayo dukani ili usibambikiziwe DDR4 ambayo haitaingia hata ukilazimisha). Na mtumba unapatikana kwa mafundi wanaochinja laptopu mbovu. Ukipata tena hela nyingine nunua SSD (diski isiyozunguka, yenye kasi) hata ya GB 120 tu, ya SATA inchi 2.5, hapo ndo utaona kuwasha hakukupi tena nafasi ya kwenda kisimani.

Sasa majina. Ukifikisha RAM GB 4 na kuendelea weka Linux Mint toleo la Xfce na usihangaike na mengine. Menyu iko chini kushoto kama ulivyozoea, apdeti unabonyeza tu, na toleo la 22 linahudumiwa mpaka 2029 kwa hiyo hutapiga upya kila mwaka. Ukibaki na GB 2 chukua MX Linux ya Fluxbox (sura nyepesi zaidi). Mwanzoni utaona sura yake ngeni kidogo, siku chache unazoea. Lubuntu ni nzuri ila mimi kwenye diski ya kuzunguka siipendekezi, Firefox yake inakuja kwa mtindo wa snap (programu iliyofungashwa pamoja na vyote inavyohitaji) na inachelewa sana kufunguka mara ya kwanza, utadhani haijasikia. Na kwa GB 2 ongeza zram, inabana vitu vilivyo ndani ya RAM ili vingi zaidi vienee, unaandika hivi kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri):

sudo apt install zram-tools

kisha unarisitati, imetoka hiyo.

Kabla hujafuta chochote jaribu. Chukua flashi ya GB 16, weka Ventoy (programu inayoifanya flashi iweze kuwasha kompyuta), halafu nakili mafaili ya ISO, yaani yale ya kuinstolia mfumo, ya Mint na MX humo ndani kama unavyonakili nyimbo, huhitaji kuchoma flashi mara mbili. Mint peke yake ni karibu GB 3 kwa hiyo pakua kwa bando la usiku au mahali penye waifai. Washa laptopu huku unagongagonga F12, chagua flashi, na mfumo utafunguka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski yako. Hapo kagua waifai, sauti, mwanga wa skrini, na ukiifunika ukaifunua iamke. Waifai isipoonekana usikate tamaa, kadi nyingi za Broadcom zinakuja bila draiva, chomeka simu kwa waya wa USB, washa ile ya kugawa intaneti kwa USB, laptopu itapata mtandao kupitia simu kisha ukishainstoli ingia kwenye Driver Manager ya Mint ikuchukulie draiva. Ukiwa bado kwenye flashi hapo hapo fungua programu ya Disks uangalie afya ya diski yako, ikikuonya kwamba inakaribia kufa hamisha mafaili yako leo leo. Na bakapu ya mitihani na matokeo unafanya kwa vyovyote, kwenye flashi nyingine, kabla ya kubonyeza kuinstoli.

Excel zako utafungulia LibreOffice (programu za bure zinazofanya kazi kama Office) na jedwali la kawaida la alama, wastani na nafasi litafanya kazi. Tahadhari ni makro. Kama shuleni mnatumia lile faili lenye vitufe ambalo ukibonyeza linatoa ripoti lenyewe, lijaribu kwanza ukiwa kwenye flashi maana makro za Excel mara nyingine zinagoma LibreOffice, na likigoma bora ujue mapema kuliko wiki ya kufunga shule. Kingine kinachowasumbua walimu ni mtihani uliopangika vizuri kurasa mbili ukaja kuwa tatu, hiyo inatokana na fonti, Calibri na Cambria hazimo kwenye Linux. Instoli fonts-crosextra-carlito na fonts-crosextra-caladea, herufi zake zina upana ule ule na maswali yanarudi mahali pake.

YouTube nayo ina dawa. Kwa kawaida inakuletea video za mfumo wa VP9 au AV1 ambao laptopu ya 2011 haina kifaa cha kuufungua, prosesa inafanya kazi yote, feni inapiga kelele. Weka kwenye Firefox kiongezi kinaitwa h264ify, kinailazimisha YouTube ilete H.264 ambayo laptopu yako inaiweza, na ukicheza kwa 480p unaokoa na bando.

SWALI: Nina Samsung NC10 kale kadogo, RAM GB 1, kamekaa kabatini miaka. Nataka nimpe binti yangu wa darasa la tano ajifunze kuchapa. Nimejaribu Mint imekataa kabisa kuwaka. Tatizo nini?
Mama wawili, Tanga

JIBU: Dada yangu tatizo si flashi yako, ni prosesa. NC10 ina Atom N270 ya 2008 ambayo ni ya 32-bit peke yake (aina ya zamani, za siku hizi ni 64-bit) na Mint, Lubuntu na hata Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 hazina tena faili la kuinstoli kwa mashine za hivyo. (Wengine wanaosoma hapa msichanganye, Windows yako kuwa ya 32-bit hakumaanishi prosesa ni 32-bit, mafundi walikuwa wanapiga Windows hiyo hata kwenye prosesa za 64-bit.)

Wewe chukua antiX 23 ya 32-bit. Imejengwa juu ya Debian 12 na kwa RAM GB 1 itatembea, ukiweza ifikishe GB 2, ndo mwisho wa hiyo Samsung na ni DDR2. Ila nisikufiche, intaneti kwa hiyo mashine inakaribia ukingoni. Chrome waliacha 32-bit ya Linux tangu 2016, na Firefox nao kuanzia toleo 145 la Novemba 2025 wameacha, imebaki ile ya ESR 140 (toleo linalohudumiwa kwa muda mrefu zaidi) kwa muda. Kwa hiyo mambo ya benki na akaunti zako usifanyie humo. Mtoto mwekee Tux Typing ya kujifunza kuchapa, Tux Paint ya kuchora na AbiWord ya kuandikia insha, vyote havihitaji bando vikishaingia, na kwa mtoto wa darasa la tano hapo ana kazi ya mwaka mzima.

SWALI: Niko chuo hapa Eldoret. Diski ya HP yangu imekufa kabisa, RAM iko GB 4. Pesa ya SSD sina hadi mkopo uingie na niko na assignment. Kuna njia?
Mwanafunzi, Eldoret

JIBU: Njia ipo ndugu yangu, Puppy Linux. Ilianzishwa na Barry Kauler wa Australia mwaka 2003 na yenyewe inapakia mfumo mzima ndani ya RAM, diski iwepo isiwepo haijali, na kwa GB 4 utashangaa inavyokimbia. Chukua BookwormPup64, ichome kwenye flashi kwa Rufus (programu ya Windows, tumia kompyuta ya mwenzako), kwenye HP nyingi unagonga F9 ukiwasha. Ukizima mara ya kwanza itakuuliza kama unataka kuhifadhi kazi yako, kubali na uchague flashi, ukikataa kila kitu kinapotea. Na usiichomoe flashi mpaka mashine izime yenyewe kabisa. Elewa pia kwamba Puppy inakuacha na mamlaka yote ya mfumo muda wote, kwa hiyo usifungue mafaili usiyojua yametoka wapi. Assignment nakili pia kwenye Google Drive kila jioni, flashi hufa bila taarifa, na mkopo ukiingia nunua SSD uhamie Mint.