Amua kabla hujaachia breki

Wiki iliyopita kijana mmoja, rubani aliyeanza kazi juzijuzi, aliniandikia: "Kapteni, bosi ananiambia nipakie tu, ndege itapanda. Nifanyeje?" Nimekaa na ujumbe huo siku nne, maana maneno hayohayo niliwahi kuambiwa mimi.

Ilikuwa Serengeti, kiwanja cha nyasi, karibu futi 5,000 juu ya usawa wa bahari, saa saba mchana, joto nyuzi 30. Nilikuwa na Cessna 206, abiria wanne wanaowahi ndege yao ya jioni uwanja wa Kilimanjaro (KIA), na mabegi ambayo hakuna aliyeyapima. Kikomo chetu kilikuwa kilo 15 kwa mtu. Nililiinua begi moja, nikajua limezidi, nikalipakia.

Hesabu ambayo sikuipiga ni hii. Kwa kimo kile joto la kawaida katika hesabu za urubani ni nyuzi 5, na kila nyuzi inayozidi ni kama kuipandisha ndege futi 120 zaidi, maana hewa ya joto ni nyepesi. Nyuzi 25 ni futi 3,000, basi ndege ilikuwa inavuta hewa nyepesi kama ya futi 8,000. Injini isiyo na turbo, kile kifaa cha kuisukumia hewa, hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000, kwa hiyo karibu robo ya nguvu haikuwapo. Asubuhi yake, kukiwa na baridi, nilipaa palepale bila shida. Hilo ndilo lililonidanganya.

Nilipofika nusu ya kiwanja mshale wa mwendo ulisoma noti 34, kama kilomita 63 kwa saa. Nilijua hautoshi. Mkono ulioshika nguvu ya injini ukakataa kurudi nyuma. Nawaza KIA, nawaza bosi, nawaza mshahara. Sekunde nne, labda tano. Nilipokata nguvu na kukanyaga breki, magurudumu yakateleza kwenye nyasi, tukaishia kichakani, gurudumu la mbele limekunjika, propela imepinda. Hakuna aliyeumia. Wiki hiyohiyo nilifukuzwa kazi, na barua aliiandika bosi wangu yuleyule aliyeniambia itapanda. Inaniuma mpaka leo.

Lakini wale wanne walirudi kwao wazima, na hilo najivunia.

Tangu siku ile kiwanja nisichokizoea nakitembea kwa miguu. Nachagua kichuguu au mti ulio katikati, nautamka kwa sauti kabla ya kuachia breki: nikifika hapa sina asilimia 70 ya mwendo wa kunyanyukia, nasimama. Kama unanyanyuka kwa noti 55, hiyo ni 39. Usingoje kuamua ukiwa mbioni, kijana wangu. Mbioni hutaamua, utatumaini, na matumaini hayanyanyui ndege. Bosi hayumo ndani ya ndege. Abiria hawajui hesabu hizi, wamekuachia wewe roho zao, na hakuna ndege ya jioni yenye thamani hiyo.

Mwambie mtaondoka alfajiri, au mabegi yafuate kwa gari. Akikataa, mrudishie funguo. Mimi nilikaa miezi saba bila kazi, kisha nikapata nyingine.