Rodi ya stelingi kugonga chasisi baada ya kuinua gari

Kaka, umesema umeinua springi inchi 4, ukahamishia rodi ya stelingi juu ya ekseli, na sasa ukishuka korongo huko Bahi inagonga chasisi. Usikate chasisi kwanza! Rodi inagonga chasisi pale springi inapobonyea, si inaponyooka, kwa hiyo jaribu kurefusha zile raba za kugotea, zinazozuia ekseli isipande mno. Kwa wengi tatizo linaishia hapo.

Ikishindikana, toa springi, inua ekseli kwa jeki mpaka iguse raba, paka grisi kwenye rodi, kisha zungusha stelingi mpaka mwisho, kushoto na kulia. Grisi itakuachia alama kwenye chasisi pale rodi inapogusa. Hapo ndipo pa kukata, na uache nafasi ya kidole kizima.

Mkato uwe wa nusu duara. Tafadhali sana, usikubali kona kali, ufa huanzia hapo. Mimi sivuki theluthi ya kimo cha chasisi. Fundi azibe kwa bomba nene lililopasuliwa nusu, kisha bati pande zote mbili, refu kupita mkato. Niliwahi kuona gari moja lililokatwa chasisi likaachwa wazi: rangi ilikuwa imepasuka kama uzi mwembamba, na chini yake chuma tayari kimefunguka. Hiyo ndiyo chasisi iliyobeba boksi ya stelingi, na watu wamo ndani.

Chomoa betri kabla ya kuchomelea. Ukimaliza, kagua bomba za breki nazo, zisivutike gurudumu likining'inia.