Asili ya neno "raia"

Ndugu, umeuliza "raia" limetoka wapi na linatofautianaje na "mwananchi". Asili yake ni Kiarabu, "raiyya", lililomaanisha kundi la mifugo linalochungwa, kisha watu walio chini ya mtawala. Shina lake ndilo lililozaa neno la Kiarabu la mchungaji (lisichanganywe na "rai" yetu ya maoni, ambayo ina shina jingine). Kwa hiyo anayejaza fomu ya pasipoti penye neno "uraia" anaandika, bila kujua, neno la malishoni. Tunaposema askari amevaa kiraia, maana imehamia kwa asiye mwanajeshi. "Mwananchi", yaani mwana wa nchi, naliona lina ukaribu zaidi, ingawa kisheria kinachopatikana au kupotea ni uraia.