Kaburi liko Lubumbashi, kijiji kiko Ireland

SWALI

Mama, salamu toka Kamalondo, Lubumbashi. Kambo yetu, baba ya baba, alikuwa mzungu wa Ireland. Alifanya kwanza kazi kwenye migodi ya Rhodesia ya Kaskazini, akavuka kuja Élisabethville (Lubumbashi ya leo), akawa fundi wa reli ya BCK, na mwaka 1948 akafunga ndoa ya kanisa na mke wake, mama ya baba yetu. Alikufa 1971 na amezikwa hapahapa Lubumbashi. Alituachia kitabu cha sala. Ndani ya jalada ameandika kwa wino jina lake, 1909, halafu "Carrowmore, Mayo". Basi, hakuna kingine.

Shangazi yetu ni binti yake wa mwisho, ana miaka 74, na anasema hafi kabla hajakanyaga pale. Sisi wajukuu watano tumechanga. Kaka yetu mkubwa ameshapanga programu ya siku 9: Dublin, Belfast, Cork, Killarney, Galway, magenge ya Moher, na siku moja Mayo. Shangazi naye anataka kubeba udongo wa kaburi la baba yake auchanganye na wa kule. Tufanye namna gani? Jina la ukoo musilichape, tafadhali.

JIBU

Siku moja Mayo! Unisamehe, dada yangu, nimecheka. Watu watano wamechanga pesa ili mama mzee aone kwao kwa baba yake, na kwao kumepewa siku moja, tena ya mwisho, wakati miguu imevimba na kila mtu anawaza sanduku. (Wasomaji wa Goma na Bukavu musishangae: huku kwetu kambo ni babu au bibi, si baba wa kambo.)

Kabla ya kugombana na kaka yako, shika kile kitabu cha sala. Mambo ya Mayo, jimbo la magharibi ya Ireland, nayajua kidogo, maana binti yangu ni muuguzi kule na ameolewa na kijana wa huko. Nimekwenda mara mbili. Waireland wamegawa nchi yao yote katika vitongoji vyenye majina, zaidi ya 60,000, na vingine ni nyumba tano na mbuzi. Carrowmore kwa Kiireland ni Ceathrú Mhór, "robo kubwa", yaani robo ya ardhi. Jina zuri, ila ndani ya Mayo peke yake kuna Carrowmore zaidi ya moja. Ni kama mtu akuambie anakaa "avenue ya Kanisa" bila kutaja komine. Mukikata tiketi sasa, mutakwenda kulilia mawe ya watu wengine.

Kazi ya kwanza ni ya bure, mutaifanya kwa simu mukiwa Kamalondo. Usiku wa tarehe 2 Aprili 1911 serikali ilihesabu watu wote wa Ireland, na fomu zenyewe, kwa mwandiko wa wakati ule, zimewekwa kwenye intaneti na Hifadhi ya Taifa ya Ireland. Kambo alikuwa na mwaka mmoja au miwili. Tafuteni jina la ukoo, Mayo, umri huo. Mukikosa, andikeni jina bila O' au Mc ya mbele, halafu lenye nayo, halafu kwa herufi zinazofanana kwa sauti. Makarani waliandika walivyosikia, kama wa kwetu.

Mukiipata fomu, musiisome haraka. Kila mama aliyeolewa aliulizwa ameolewa miaka mingapi, amezaa watoto wangapi wazima, na wangapi bado wako hai. Kuna karatasi nyingine ya nyumba: kuta za nini, paa la nyasi au la mawe, madirisha mangapi upande wa mbele. Mkwe wangu alinionyesha ya kwao mezani jikoni. Paa la nyasi, madirisha mawili, watoto 9 waliozaliwa, 6 hai. Mama yake alikuwa anamenya viazi. Akaweka kisu chini akakaa. Hakuwahi kusikia habari ya wale watatu.

Kutoka hapo nendeni irishgenealogy.ie, bure vilevile. Kuzaliwa kwa watu wote kunaandikwa na serikali tangu 1864, na vyeti vilivyopita miaka 100 vinaonekana. Cheti cha kambo kitataja jina la mama yake kabla ya kuolewa, na mahali alipozaliwa. Sasa mutajua ni Carrowmore ya parokia gani, na hiyo ndiyo safari yenyewe. Vizazi vya nyuma zaidi ni shida, kwa sababu mwaka 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Dublin, jengo la hifadhi liliungua na karatasi za karne nyingi. Yanabaki madaftari ya ubatizo ya parokia, ambayo Maktaba ya Taifa iliyatoa kwenye intaneti 2015. Hayo yanaishia karibu 1880, kwa hiyo ni ya wazazi wa kambo, si ya kambo.

Mukijua parokia, andikieni ofisi yake barua fupi, na picha ya kambo ndani. Semeni mapema, kwa mstari wake peke yake: hatukuja kwa ajili ya shamba. Wewe mwenyewe unajua mjukuu wa ndugu aliyepotea akifika kijijini na kamera, watu wanawaza nini. Kule ni vilevile.

Sasa pasi na viza, maana hapa ndipo pesa za watu zinapotea. Ireland haimo Schengen, zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Viza ya Ubelgiji haikuingizi Dublin, na ukipita Brussels au Paris, Mkongomani asiyeshika viza halali ya Ireland anadaiwa viza ya kupitia uwanja wa ndege hata kama hatoki nje. Mimi nilipita Dubai, na Doha pia inafaa: ndege za pande zote mbili zinashuka Dublin moja kwa moja. Ombi la viza linajazwa kwenye intaneti, si zaidi ya miezi 3 kabla ya kusafiri, na karatasi inayotoka mwishoni inakwambia upeleke pasi wapi. Ya kuingia mara moja ni euro 60. Safari ya kwanza mimi nilirudishiwa faili kwa sababu jina langu kwenye cheti cha kuzaliwa lilikuwa na "u" na kwenye pasi lina "o". Ofisi iliyokosea siitaji. Pesa haikurudi. Kagueni majina ya watu wote sita leo jioni.

Na Belfast? Futa. Ni Uingereza, inataka viza yake nyingine. Barabarani hakuna kizuizi, hakuna mpaka kama wetu wa Kasumbalesa na Zambia, basi linavuka na wewe umelala, na hapo ndipo unapokuwa umeingia nchi bila ruhusa. Wakati mwingine polisi wanapanda kukagua. Binti yangu aliniamsha tukiwa tumebakiza vituo viwili.

Kuna jambo hukuniuliza lakini siwezi kulificha. Mzazi akiwa Muireland aliyezaliwa kule, sheria ya Ireland inamhesabu mtoto wake kuwa Muireland tangu kuzaliwa, popote mtoto alipozaliwa. Kama kuna cheti cha kambo cha 1909, cheti cha ndoa ya 1948 na cheti cha kuzaliwa cha shangazi chenye jina la baba yake, shangazi huenda amekuwa raia wa kule miaka 74 bila habari. Ninyi wajukuu si moja kwa moja. Mungeomba kuandikishwa kwenye daftari la waliozaliwa nje. Lakini polepole! Katiba yetu, kifungu cha 10, inasema uraia wa Kongo ni mmoja, haukai pamoja na mwingine. Nyumba ya Kamalondo iko kwa jina la nani? Mwoneni avoka (wakili) kwanza, na kwa safari hii sita wote muende na viza.

Wakati wa kwenda ni Juni. Huku Lubumbashi ndiyo baridi yetu, mutakuwa mumeshazoea koti. Kule jua la Mayo linachelewa mpaka saa nne za usiku kupita, na shangazi, aliyezoea giza la saa kumi na mbili na nusu, ataomba chakula cha jioni halafu ashangae anaitwa kulala mchana. Mvua inakuja kila siku kidogo, si kama ya kwetu ya Januari inayopiga na kumaliza. Munyunyu tu, wa pembeni. Mwavuli unageuka. Nunua koti lenye kofia.

Siku 9 nitazigawa hivi: mbili Dublin, zilizobaki zote Mayo, mulale mji mmoja, Westport au Castlebar. Treni ya Westport inatoka stesheni ya Heuston, inachukua kama saa tatu, na shangazi ataona nchi yote dirishani bila kaka yako kushika usukani. Maana wanaendesha kushoto. Najua atasema ameshaendesha Zambia. Barabara ya Chingola ni pana. Zile za vijijini zina ukuta wa mawe huku na huku, kona haionekani, na trekta anatoka. Siku ya Carrowmore kodini basi dogo lenye dereva wake. Mutaona kila gari mnalopishana, dereva wake anainua kidole kimoja kutoka kwenye usukani. Hiyo ndiyo salamu. Jibuni.

Dublin nendeni makaburi ya Glasnevin. Hapo amezikwa Roger Casement, Muireland aliyekuwa konsuli wa Uingereza huku Kongo, ambaye ripoti yake ya 1904 ilianika ukatili wa mpira wa Leopold. Waingereza walimnyonga 1916 kwa kosa la kupigania uhuru wa Ireland, na mifupa yake ilirudishwa 1965. Hapohapo Glasnevin wamezikwa askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa waliouawa Niemba, huku kwetu kaskazini ya Katanga, tarehe 8 Novemba 1960. Askari kama 6,000 wa nchi ile walipita Kongo kati ya 1960 na 1964, na mapigano ya Jadotville, Likasi ya leo, wanayakumbuka vizuri kuliko sisi. Ukisema "Lubumbashi" wanakutazama tu. Sema "Élisabethville" kwa mzee yeyote, halafu vuta kiti.

Mayo kuna mengi, chukueni machache. Shangazi ni Mkatoliki, basi Knock hamuwezi kukwepa: tarehe 21 Agosti 1879 wanakijiji walisema wamemwona Bikira Maria kwenye ukuta wa kanisa, na Yohane Paulo wa Pili alifika 1979. Mlima Croagh Patrick, mita 764, mutazameni kutoka chini, vijana wapande wakitaka. Turlough, karibu na Castlebar, kuna makumbusho ya maisha ya vijijini, kuingia bure. Vikapu, majembe, nguo. Kambo alivaa hivyo.

Na siku moja muende kisiwa cha Achill, kina daraja, kwenye kijiji kilichoachwa chini ya mlima Slievemore. Nyumba za mawe bila paa, zimepangana mstari. Mimi pale sikuangalia nyumba. Niliangalia matuta. Jua likiwa chini, mlima mzima una mistari, matuta yaleyale tunayotengeneza kwa viazi vitamu, yamefunikwa majani tu, hakuna aliyeyalima tena. Kuanzia 1845 ugonjwa wa ukungu uliozesha viazi ardhini, mwaka baada ya mwaka, na chakula kingine kilikuwa kinapakiwa melini kwenda Uingereza. Watu kama milioni moja walikufa, wengine milioni wakahama. Kuondoka hakukukoma hapo, kuliendelea mpaka kizazi cha kambo na baada yake. Kwa nini fundi mzima aache kwao aje kukaza misumari ya reli Katanga? Shangazi amwulize yale matuta.

Mukifika Carrowmore, mashamba yana wenyewe. Ombeni ruhusa mlangoni. Geti mulilolikuta limefungwa, lifungeni. Jumapili muingie misa ya parokia, mukae mbele, na baada ya misa musikimbilie basi.

Udongo haiwezekani. Umoja wa Ulaya unakataza udongo kutoka nchi zetu, kwa sababu ya magonjwa ya mimea, na nchi iliyouawa na ugonjwa wa kiazi sitailaumu. Nyama pia muache. Bebeni kijiwe cha malakiti, lile jiwe la kijani la shaba, kilichosuguliwa, cha sokoni, na risiti yake. Na wiki hii, kabla nyasi hazijapanda tena, nendeni makaburini na jembe na chokaa. Paka, andikeni jina upya lisomeke, mupige picha ya kaburi shangazi akiwa amesimama pembeni. Chapeni nakala kumi kwa karatasi. Huko Mayo kuna mtu ambaye bibi yake alikufa akiuliza kaka yake amezikwa wapi, na hiyo picha ni yake.