Akikuambia Biblia imebadilishwa

Ndugu yangu, umeuliza umjibu nini mwenzako wa kazini anayedai Biblia imebadilishwa mno hata haiaminiki. Mweleze habari za Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi. Mwaka 1947 wachunga mifugo walikuta pangoni gombo la Isaya, kongwe kwa miaka kama 1,000 kuliko nakala za Kiebrania zilizotegemewa hadi wakati huo. Lilipolinganishwa nazo, tofauti nyingi zilikuwa za tahajia na maneno madogo. Ujumbe ni ule ule.

Usimfiche kwamba Marko 16:9–20 haimo katika nakala mbili kongwe za Kigiriki.

Lakini gombo hilo halithibitishi ufufuo wa Yesu. Kwa hilo someni pamoja 1 Wakorintho 15, Paulo anapotaja mashahidi ambao wengi walikuwa bado hai.