Umeipokea kwa nani? Kwa mnaoanza kutembeza wageni Amu (Lamu)

Wiki yangu ya pili kazini nilisimama Mkunguni, mbele ya ngome, nikawaambia wageni sita kwamba ngome hii ilijengwa na Wareno. Nilimsikia aliyenitangulia akisema hivyo, naye sikumuuliza alikoyatoa. Mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa akinisikiliza kwa adabu nyingi, akauliza Wareno walikuwa wakifanya nini hapa katika miaka ya 1820. Nikakohoa. Nikatazama punda waliokuwa wakipita. Wareno walianza kujenga Fort Jesus kule Mombasa mwaka 1593 na wakang'olewa humo 1698. Ngome ya Amu ilimalizwa mwanzoni mwa miaka ya 1820, mji umekwisha kuingia chini ya kivuli cha Waomani. Nilikuwa nimekosea kwa zaidi ya miaka mia moja. Mama yule hakunicheka, lakini alikuwa na daftari, na mpaka alasiri kila nilichosema alikiandika na kutia alama ya kuuliza pembeni. Niliiona, kwa sababu mimi ndiye niliyemshikia daftari alipokuwa akishuka kwenye mashua.

Nawaandikia nyinyi mlioingia kazini juzi ili daftari lile lisiwafuate na nyinyi.

Kwa siku moja utampitisha mgeni msikitini, makaburini, kwenye magofu na kwenye baraza za wazee, na yote utayaeleza kwa mdomo uleule. Kiswahili chenyewe hakitusaidii sana hapo. Ni kweli kwamba Mungu ni mmoja, na ni kweli kwamba UNESCO iliuingiza mji wetu katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. La kwanza naliamini na nitakufa nalo. La pili halina haja ya moyo wangu, maana hata asiyetupenda akifungua orodha atalikuta. Mgeni akikuuliza "Je, ni kweli?" sikiliza kwanza anaulizia kweli ipi.

Dawa yake wengi wenu mnayo tangu utotoni. Chuoni, yaani madrasa, ustadhi wangu hakumwachia mtu aseme "Mtume kasema" halafu anyamaze. Alikuwa akiuliza, "Umeipokea kwa nani? Na huyo kwa nani?" Ndiyo isnadi hiyo. Wanazuoni walisafiri miezi kwa ajili ya kuhakikisha jina moja katika mlolongo, na kauli iliyokatika mlolongo iliwekwa daraja lake, hata kama maneno yake ni matamu. Sasa ajabu yetu ni hii: katika dini tumefunzwa kuuliza, tukifika kwenye habari za mji tunameza. Neno ni lilelile, hadithi, lakini ya chuoni tunaipima na ya barazani tunaitembeza.

Mfano ulio karibu ni Msikiti wa Pwani, unaotajwa kuwa wa mwaka 1370. Wenzangu wengi husema basi Amu ilianza mwaka huo. Lakini msikiti hujengwa mahali ambapo watu wako tayari. Sema msikiti ni wa 1370, uishie hapo.

Sasa Shela, kijiji jirani na mji wetu, maana huko ndiko mtakakopimwa. Karibu mwaka 1812 majeshi ya Pate, kisiwa jirani, na ya Wamazrui, watawala wa Mombasa, yaliteremka Shela kuja kuitia Amu mkononi. Yakashindwa. Walioshindwa walipokimbilia vyombo vyao walikuta maji yamekupwa, vyombo vimekaa juu ya mchanga, na wengi wakauawa palepale ufuoni. Baada ya hapo Waamu, kwa kuogopa kisasi, waliomba hifadhi kwa Seyyid Said wa Oman, ndiyo maana mkaiona ile ngome. Lakini wazee hawatakusimulia hivyo tu. Utasikia habari za dua, na utasikia habari za uganga uliowapumbaza maadui. Nimewaona vijana wa aina mbili hapa. Wa kwanza anasimulia uganga kana kwamba alikuwepo, mgeni anatabasamu, na kutoka hapo hata tarehe ya kweli haiaminiki. Wa pili, aliyesoma kidogo, anasema "wazee wetu walikuwa na ushirikina, ilikuwa maji tu", na kumbe nyuma yake amekaa mjukuu wa mtu anayeisoma dua hiyo mpaka leo.

Mimi husema hivi. Maji hukupwa mara mbili kila siku kwa sababu ya mwezi na jua, na hayakumpendelea Mwamu wala kumchukia Mpate. Hilo nahodha yeyote atakuonyesha. Kwamba yalikupwa saa ileile iliyohitajika, mtu wa Amu anaona mkono wa Mungu, na nahodha huyohuyo atakuambia hivyo bila kuona mgongano wowote. Halafu nanyamaza, namwacha mgeni na bahari yake. (Na mfupa ukifukuliwa na upepo kwenye matuta ya mchanga, usimwambie ni wa askari wa Pate. Mfupa hauna kabila.)

Hadithi inayopendwa kuliko zote siku hizi ni ya Wachina. Merikebu ilivunjika karibu na kisiwa cha Pate, mabaharia wakaogelea mpaka nchi kavu, wakaua chatu aliyekuwa akiwasumbua wenyeji, wakapewa wake, na Shanga, mji wa kale wa kisiwa hicho ambao leo ni magofu, ikapata jina lake kutoka Shanghai. Ziko familia Siyu, mji mwingine wa kisiwa hichohicho, zinazosimulia asili hiyo kwa heshima, na si kazi yako wala yangu kumwambia mtu babu yake ni nani. Yasikilize na uyafikishe kama yalivyo: "Watu wa Siyu wanasimulia kwamba..."

Yaliyo na ithibati ni haya. Misafara ya Zheng He, amiri wa merikebu za China, ilikuwa kati ya 1405 na 1433, na kumbukumbu za China zinataja twiga aliyetoka Malindi akafika huko mwaka 1415. Vigae vya sahani za Kichina vimechimbuliwa Shanga. Lakini mwanaakiolojia Mark Horton na wenzake walipochimba pale katika miaka ya 1980 walikuta mji uliokuwapo tangu karne ya 8, na chini ya msikiti wa ijumaa wakakuta alama za misikiti midogo ya miti, mmoja juu ya mwingine. Mji ule ulikuwa na umri wa karne sita kabla ya Zheng He kung'oa nanga, na ulihamwa karibu na zama hizo za safari zake. Jina kutoka Shanghai linakuwa gumu kulitetea. Na kigae cha sahani kinathibitisha kwamba sahani ilifika. Hakithibitishi nani aliileta, kwa maana sahani hizo zilikuwa zikipita mikono ya Wahindi, Waajemi na Waarabu kabla ya kutua kwetu. Leo ukiingia nyumba yoyote hapa utakuta sufuria ya China jikoni, na hakuna anayesema mama mwenye nyumba ni Mchina.

Msidhani wasomi hawana dhana zao. Magofu ya Takwa, kule kisiwa cha Manda, yalihamwa karibu mwisho wa karne ya 17. Mmoja atakuambia visima viligeuka chumvi, mwingine atakuambia vita na Pate. Hayo ni makisio ya watu wenye akili, na yana daraja lake: juu ya porojo, chini ya maandishi yaliyo kaburini. Usiyapandishe daraja kwa sababu aliyeyasema ana shahada.

Msikiti wa Riyadha nitaupita haraka, kwa kuwa ni pa adabu. Habib Saleh alikuja kutoka Ngazija, akafundisha watu ambao wengine hawakuwataka kwenye darsa zao, na msikiti ukajengwa karibu mwaka 1900. Maulidi ya Mfungo Sita huleta watu kutoka pwani nzima. Hayo yaseme kwa kifua kipana. Mgeni akiuliza juu ya karama zake, yaani miujiza ya walii, mwambie "wanaompenda wanaamini", na kama wewe ni mmoja wao, sema "mimi naamini". Usimtafutie ushahidi wa picha. Mtu akianza kuitolea imani yake vielelezo kama kesi ya ardhi, ujue ameanza kuitilia shaka yeye mwenyewe.

Wala msiogope kwamba imani na ushahidi havikai nyumba moja. Pale Takwa msikiti umeelekea kaskazini, na wageni huuliza kama waliojenga walikosea, kwa sababu walikotoka wao Maka iko mashariki. Chukua ramani. Maka iko karibu kaskazini yetu kamili, tofauti ya nyuzi chache tu. Kuelekea huko kuswali ni imani, na upande wenyewe ni hesabu.

Mwaka mmoja nilifika Takwa na wageni wawili siku ambayo watu wa Shela walikuwa wamekwenda kuomba mvua penye kaburi la nguzo. Tulikaa mbali, wageni wangu kofia mkononi, mimi nikaitikia amina. Mmoja wa wageni hao, kijana, akaniuliza kwa sauti ya chini kama mvua huwa inakuja. Nikamwambia mwaka uliopita ilinyesha siku ya tisa, niliihesabu. Akauliza kama ni dua iliyoileta. Nikamwambia waliokuwa wakiomba wanasema ndiyo, na mimi nilikuwa miongoni mwao. Aliandika yote mawili, na safari hii sikuona alama ya kuuliza.

Tukarudi upesi, kwa kuwa mfereji wa mikokoni wa kwenda Takwa hupitika maji yakijaa tu. Nahodha akikuambia saa nane, wageni wawe kwenye mashua saa saba na nusu, hata kama kuna mmoja ambaye bado anataka picha.