Maswali na majibu: Dar es Salaam, shida yako ipeleke ofisi gani?

Ninaishi Sinza. Leseni ya duka naiomba Jiji? — Msomaji, Sinza

Hapana, ni Ubungo. Halmashauri ya Jiji iliyokuwa juu ya manispaa ilivunjwa Februari 2021, Ilala ikapandishwa hadhi na kuwa Jiji la Dar es Salaam. Sasa mkoa una halmashauri tano zisizo chini ya nyingine: Jiji (yaani Ilala), Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Leseni za daraja B, ambamo maduka mengi ya kawaida huangukia, hutolewa na halmashauri kupitia TAUSI, mfumo wa mtandaoni wa halmashauri. Za daraja A hutolewa na BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni. Ukichagua halmashauri isiyo yako kwenye mfumo, unapoteza muda bure.

Kati ya mwenyekiti wa mtaa na mtendaji, nani mkubwa? Na mjumbe wa nyumba kumi je? — Msomaji, Mbagala

Hawapangwi kwa ukubwa. Mwenyekiti huchaguliwa na wakazi kila miaka 5 (mara ya mwisho 27 Novemba 2024) pamoja na wajumbe wa kamati ya mtaa. Mtendaji ni mwajiriwa wa halmashauri. Yeye ndiye katibu, mwenye kumbukumbu na mafaili. Mwenyekiti akikukubalia jambo kwa mdomo na halikuandikwa kwenye muhtasari wa kikao, kesho huna pa kulishikia.

Mjumbe wa nyumba kumi, au balozi, ni kiongozi wa chama cha siasa. Tangu mfumo wa vyama vingi urudi 1992, yeye si ngazi ya serikali, ingawa ofisi nyingi bado humuulizia unapofuata barua ya utambulisho, kwa kuwa ndiye anayekujua. Ukiambiwa ulipie chochote cha serikali, omba namba ya malipo (control number). Hakuna namba? Basi usitoe.

Barabara yetu imekatika. Diwani anasema si kazi yake. Anatukwepa? — Msomaji, Tabata

Nusu anasema kweli. Tangu 2017 barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na barabara kuu ni za TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Maji ni ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam. Taka ndizo za halmashauri moja kwa moja.

Lakini diwani ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, na wenyeviti wa mitaa ni wajumbe humo. Anzeni na mkutano wa mtaa, muhtasari usainiwe, nakala ipelekwe kwa mtendaji wa kata ili iingie kwenye ajenda ya kamati. Yeye diwani ataibeba hadi baraza la madiwani, na nakala nyingine mpeleke TARURA wenyewe. Maombi mengi hukwama kwa sababu mbili: yanafika kama malalamiko ya simu, bila karatasi, au yanafika Juni. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, na bajeti huwa imeshapangwa miezi mingi nyuma.

Meya anaweza kumfukuza mkurugenzi? — Msomaji, Kimara

Hawezi. Mkurugenzi huteuliwa na Rais, meya huchaguliwa na madiwani wenzake. Meya anaongoza vikao. Usimamizi wa kila siku wa fedha na watumishi uko kwa mkurugenzi.

Mikopo ya vikundi inapatikana wapi? — Msomaji, Kigamboni

Kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako. Ni asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Haina riba, lakini hurejeshwa.